Kujifunza Kuweka Hesabu: Cheti Kipi Kwanza, na kwa Gharama Gani?



Kila mwaka kahawa ya Umatengo ianzapo kuvunwa, na fedha ishukapo kidogo hata kwetu pwani ya Ziwa Nyasa, wazazi hutuletea swali moja. Kijana amemaliza kidato cha nne, ni mwepesi wa hesabu, naye ataka kuwa mtunza vitabu vya fedha, au hata mhasibu. Je, asomee wapi, na kwa fedha kiasi gani? Wengine huja na karatasi mkononi, waliyopewa na mtu aliyepita mnadani, au huonyesha tangazo katika simu, lenye kuahidi cheti cha uhasibu kwa miezi mitatu.

Swali hili lastahili kujibiwa taratibu, maana fedha inayotajwa si ya mchezo. Ni magunia ya kahawa, au ni ng'ombe, au ni mtumbwi pamoja na nyavu zake. Ikipotea hairudi kwa msimu mmoja, na mara nyingi mdogo wake yule kijana ndiye akosaye zamu yake ya kusoma.

Basi mwezi huu twataka kulitazama jambo hili pamoja na watu wa Ngumbo, na Liuli, na Lituhi, na wote wakaao mbali na miji ya vyuo. Neno letu ni fupi, nasi tutalieleza sababu zake: cheti kilicho rahisi kweli ni kile ambacho mtu akiisha kukipata, chuo au bodi iliyo juu yake hukipokea kuwa ngazi ya kupandia. Cheti kisichopokelewa na mtu ye yote ni ghali, hata kama kilinunuliwa kwa bei ya kuku wawili.

Kwanza tutenge kazi ambazo watu huzichanganya. Mtunza vitabu ndiye aandikaye kila siku fedha iliyoingia na iliyotoka, akihifadhi stakabadhi na hati za malipo, akajua nani adaiwa na nani adai. Mhasibu huyachukua maandiko hayo akayapanga, akaonyesha kama shughuli imepata faida au hasara, na mali iliyopo ni kiasi gani. Mkaguzi huja nyuma yao akapima kama waliyoyaandika ni kweli. Mtu aweza kuanza kwa kuwa mtunza vitabu, akapanda. Asiyejua kutunza kitabu hawezi kuwa mhasibu, hata akivaa suti.

Katika Tanzania jina la mhasibu linalindwa na sheria. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo wengi huiita NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ikaanza kazi mwaka 1973. Makao yake sasa yako Dodoma. Bodi hii ndiyo ipimayo watu kwa mitihani na kuwaandikisha kwa madaraja, tangu fundi wa hesabu hata mhasibu aliyeidhinishwa, yule aandikaye CPA baada ya jina lake. Basi kijana akiuliza cheti kipi kina nguvu, jibu laanzia hapo: je, chaelekea kwenye daftari la Bodi hii, au chaishia njiani?

Tena asidhani kwamba kazi ya kuweka hesabu iko Dar es Salaam tu. Katika nchi yetu hii ya Songea na Mbinga, wakulima walikuwa na umoja wa ushirika, ule wa Ngoni-Matengo, tangu miaka ya 1930. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka ule ule likaundwa shirika la kukagua hesabu za vyama hivyo, liitwalo COASCO. Leo vyama vya msingi vya mazao viko chini ya sheria ya mwaka 2013, na vyama vya akiba na mikopo pamoja na vikundi vya kuwekeana fedha vimewekwa chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018. Sheria zote hizi zadai vitabu. Sasa tembea kutoka Lituhi hata Mbamba Bay ukiuliza katika kila kikundi, Ni nani aandikaye? Utaonyeshwa mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri, aliyechaguliwa kwa sababu ya mwandiko huo. Fedha za watu zimepotea mikononi mwa waaminifu kwa sababu hiyo, na waaminifu hao wameitwa wezi. Jambo hili twaliona kuwa zito kuliko hata ukosefu wa kazi.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza halihitaji ada. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, kijana na anunue daftari la kurasa mia, aandike hesabu ya shughuli moja ya kweli kwa miezi mitatu. Na iwe duka la mjomba, au usipa wa mama, au sanduku la kwaya. Mwisho wa miezi hiyo atajua kama kazi hii yampendeza au yamchosha, na wazazi watajua kama wauze ng'ombe au wasiuze.

Tutoe mfano, nao ni wa kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Mama mmoja wa Ngumbo ana shilingi 200,000 taslimu. Anunua ndoo 10 za usipa mbichi kwa shilingi 12,000 kila ndoo, anauanika juu ya chanja. Magunia yamgharimu shilingi 3,000, nauli yake na ya mzigo mpaka Mbinga shilingi 15,000, ushuru shilingi 2,000. Huko Mbinga auza usipa wa shilingi 130,000 kwa taslimu, na wa shilingi 50,000 amwachia mwenye duka mali kauli, atamlipa mwezi ujao. Akiwa njiani kurudi anunua sare ya shule ya binti yake kwa shilingi 25,000. Afika nyumbani, afungua kitambaa chake, ahesabu: shilingi 165,000. Alitoka na 200,000! Basi alia kwamba usipa umemtia hasara ya shilingi 35,000, na kwamba hatauza tena.

Mwanawe aliye na daftari amwambia, Ngoja, mama. Aandika upande mmoja yote yaliyotumika kwa ajili ya usipa: ndoo 120,000, magunia 3,000, nauli 15,000, ushuru 2,000, jumla shilingi 140,000. Aandika upande wa pili mauzo yote, ya taslimu na ya mali kauli: shilingi 180,000. Tofauti ni shilingi 40,000, nayo ni faida. Mama hasadiki. Basi mwana aanza tena kwa njia nyingine. Fedha mkononi 165,000. Deni la mwenye duka 50,000. Sare ya binti 25,000, ambayo si gharama ya usipa, ni fedha mama aliyojitwalia kwa nyumba yake. Jumla shilingi 240,000. Toa 200,000 alizoanza nazo, zabaki 40,000. Njia mbili, jibu moja.

Wasomaji na waitazame vizuri ile shilingi 50,000 ya mwenye duka. Imeandikwa mahali pawili: mara moja katika mauzo, na mara moja chini ya jina la yule adaiwaye. Hiyo ndiyo siri ya uhasibu wote. Kila jambo huandikwa mara mbili, kwa sababu kila fedha ina mahali ilipotoka na mahali ilipokwenda, na pande hizo zisipolingana, ujue kuna kosa lililojificha. Utaratibu huu ni wa kale. Mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, aliueleza katika kitabu cha hesabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Hakuubuni yeye, aliandika jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakifanya. Aliwataka wawe na vitabu vitatu: kimoja cha kumbukumbu, ambamo kila jambo huandikwa papo hapo lilivyotukia, cha pili cha kuyapanga mambo hayo kwa tarehe na kwa pande zake mbili, na cha tatu, leja, ambamo kila mtu na kila kitu hupewa ukurasa wake. Mashine za leo zafanya kazi ile ile kwa haraka zaidi. Kijana aliyeelewa usipa wa mama hataogopa maneno makubwa atakayokutana nayo darasani.

Haya, tuseme ameelewa, na bado ataka kuendelea. Njia zilizo wazi mbele yake ni tatu, nasi twazitaja kuanzia iliyo ya gharama ndogo.

Ya kwanza huonekana ndogo, na kwa hiyo hudharauliwa. Baraza la Mitihani la Taifa huwatahini watahiniwa wa kujitegemea katika mtihani wa kidato cha nne kila mwaka, na miongoni mwa masomo yake kuna lile la kuweka hesabu na lile la biashara. Kijana ambaye matokeo yake hayakutosha kuingia chuoni aweza kujiandikisha upya akafanya masomo hayo pamoja na yale aliyoyakosa. Hata yule asiyepata kusoma sekondari kabisa ana njia yake, kwa kupita kwanza mtihani wa maarifa. Hakuna haja ya kuhama nyumbani. Aweza kusoma jioni, mchana akivua au akilima, mradi apate vitabu na mwalimu wa kumsahihishia. Cheti kipatikanacho ni cha taifa, wala hakuna chuo kinachoweza kukikataa kwa kusema hakikijui.

Hapa twatia neno kando kwa wasomaji wetu hasa. Vyuo vidaipo ufaulu wa masomo manne katika kidato cha nne kwa kuingia ngazi ya cheti, husema wazi kwamba masomo ya dini hayahesabiwi. Tumeona wazazi wakihesabu somo la Biblia kuwa la nne, wakafunga safari. Somo hilo lina faida yake, lakini si mlangoni pa chuo cha uhasibu.

Njia ya pili ni mitihani ya Bodi yenyewe. Ngazi yake ya chini ni cheti cha utunzaji wa hesabu chenye hatua mbili, ambacho watu hukiita ATEC. Aliyemaliza hatua ya pili hupanda kwenda ngazi ya msingi, kisha ya kati, kisha ya mwisho, ndiyo CPA. Mitihani hufanywa mwezi Mei na mwezi Novemba. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu hulipia uandikishaji na masomo atakayotahiniwa. Hailazimu aketi chuoni. Karani wa duka la Mbamba Bay aweza kuendelea na mshahara wake, akasoma usiku, akajaribu mtihani. Mtaala na masharti ya kuingia hupatikana katika tovuti ya Bodi, na mwenye simu aweza kuyasoma akiwa kwake.

Ubaya wake ni kwamba njia hii yaua wavivu na wapweke. Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa kuuliza daftari li wapi. Anayesoma peke yake kandokando ya ziwa, akiwa na mwanga wa taa ya jua na kitabu kilichochakaa, hufika ukurasa wa arobaini akakwama katika jambo ambalo mwalimu angelieleza kwa dakika tano. Kwa hiyo twawashauri wasomao kwa njia hii wawe wawili au watatu, na watafute mwalimu wa somo hilo katika sekondari iliyo karibu, wamwendee Jumamosi, tena wasimwendee mikono mitupu. Na kabla ya kujiandikisha waulize kituo cha mtihani kilicho karibu ni kipi, maana nauli na malazi ya siku zile ni sehemu ya gharama.

Njia ya tatu ni chuo. Aliyefaulu masomo manne kidato cha nne aweza kuingia ngazi ya nne ya mafunzo ya ufundi, ambayo ni cheti cha awali cha mwaka mmoja. Kisha miaka miwili zaidi humfikisha ngazi ya sita, ndiyo stashahada. Mwenye stashahada ya uhasibu ya chuo kinachotambuliwa, akienda kwenye mitihani ya Bodi, haanzi tena chini kabisa. Vyuo vya serikali vya kazi hii vyajulikana: Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965 na ambacho sasa kina tawi Mbeya, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, cha mwaka 1972, Taasisi ya Uhasibu Tanzania, yenye matawi Mbeya na Mtwara, na Chuo cha Uhasibu Arusha, ambacho kimekuja mpaka Songea kwa tawi lake. Kwa wale wanaofikiria vyama vya wakulima kuliko maofisi, kuna Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika kikapandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2014.

Sasa, katika gharama za chuo, watu hukosea jambo moja kila mwaka. Hutazama ada peke yake. Chukua karatasi, ndugu msomaji, uandike kama tulivyoandika usipa wa mama. Ada, uandikishaji, mtihani, kitambulisho na bima ya afya, vitabu, kodi ya chumba, miezi kumi, chakula, miezi kumi, nauli ya kwenda na kurudi likizo, nguo, na mwisho wa yote, kazi ambayo kijana angeifanya nyumbani katika mwaka ule. Kwa mtoto wa Ngumbo asiye na ndugu mjini, chumba na chakula vyaweza kupita ada yenyewe. Ndiyo sababu chuo chenye ada kubwa kidogo kilicho Songea, mahali alipo shangazi, huenda kikawa rahisi kuliko chuo chenye ada ndogo kilicho Dar es Salaam. Na shangazi naye aulizwe kwanza. Isiwe mtoto afike na sanduku mlangoni pake ndipo habari iletwe.

Ada zenyewe hazihitaji kuulizwa kwa watu wa mnadani. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, liitwalo NACTVET, hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo cha udahili, nacho hupatikana bure katika tovuti yake. Ndani yake chuo kimetajwa kwa jina, kozi zake, muda wake, masharti ya kuingia, na ada ya mwaka. Chuo kisichomo, au kilichomo lakini kozi ya uhasibu haimo, msikipelekee fedha, hata kama mkuu wake ni mtu wa upole na anajua kusali. Tena vyuo vya serikali, na Bodi, na Baraza la Mitihani, hupokea malipo kwa namba maalumu ya serikali ambayo mlipaji hupewa, akailipia benki au kwa simu, na jina la mpokeaji huonekana. Mtu akisema, Nitumie mimi nitakulipia, basi ameisha kujieleza.

Ile karatasi ya miezi mitatu je? Hatusemi kwamba kila mafunzo mafupi ni udanganyifu. Kuna mafunzo ya programu za hesabu za kompyuta, kama QuickBooks na Tally, nayo yana faida, kwa kuwa maduka makubwa na mashirika huzitumia. Lakini hayo ni kujifunza chombo. Fundi seremala hajifunzi msumeno akaitwa seremala. Ajifunze kwanza kwa nini fedha huandikwa mara mbili, ndipo mashine itamfaa. La sivyo ataingiza makosa ndani ya mashine, na mashine itayatoa yakiwa yamepangwa vizuri.

Kuna na vyeti vya ng'ambo. Kilicho mashuhuri zaidi ni cha chama cha wahasibu cha Uingereza kiitwacho ACCA, ambacho asili yake ni London, mwaka 1904. Ngazi zake za mwanzo hazidai cheti cho chote cha kuingilia, na hilo huwavuta wengi. Walakini malipo yake ni kwa paundi, tena mtu hulipa uanachama kila mwaka, asome asisome. Kwa mwenye mwajiri wa kumlipia ni njia nzuri. Kwa kijana wa pwani hii anayelipiwa kwa usipa, twaona ni mapema mno.

Jambo moja latusumbua zaidi kuliko ada, nalo ni lugha. Mitihani ya Bodi na masomo ya vyuo ni kwa Kiingereza. Vitabu vya kikundi, na chama, na usharika, ni kwa Kiswahili. Kijana hodari wa hesabu huanguka kwa sababu hakulielewa swali. Basi katika ile miezi mitatu ya daftari, kila neno aandikalo kwa Kiswahili, yaani mtaji, dai, deni, salio, urari, mizania, aliandike pia kwa Kiingereza nyuma ya daftari, na maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Maneno 100 hivi yatamfikisha mbali. Afanye hivyo kila jioni maneno mawili, wala asiyakariri kama kasuku.

Na wazazi watazame majina. Cheti cha kuzaliwa chasema jina moja, cha kidato cha nne jingine, kitambulisho cha taifa la tatu, kwa sababu babu alikuwa na majina mawili na mwalimu aliandika alivyosikia. Hilo lirekebishwe sasa, wakati hakuna haraka, kuliko wiki ya udahili.

Tukiulizwa basi sisi tungemshauri nini kijana wa kawaida, aliyefaulu kidogo, ambaye kwao hakuna fedha nyingi, tungesema hivi. Mwaka wa kwanza abaki nyumbani. Aweke hesabu ya kikundi kimoja bila ujira, au kwa ujira mdogo, akisimamiwa na mtunza hazina wa usharika au karani wa chama cha mazao. Na kama alama zake hazitoshi, arudie mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka wa pili aingie ngazi ya cheti katika chuo kilicho karibu na ndugu, au kama ana kazi asiyoweza kuiacha, aanze hatua ya kwanza ya Bodi. Baada ya hapo na apumue. Cheti cha mwaka mmoja kinatosha kumpatia kazi ya kuandika vitabu katika chama au duka, na mshahara huo ndio umsomeshe stashahada. Wako watakaosema hii ni safari ndefu. Ni ndefu. Ila ng'ombe bado yuko zizini, na mdogo wake hajakosa zamu.

Wasichana tusiwasahau. Katika vikundi vingi vya akiba vya pwani hii wenye kushika funguo za sanduku ni wanawake, na wengi wao wajua hesabu za kichwani kuliko waume zao. Binti akisema ataka kusoma uhasibu, asijibiwe kwamba hiyo ni kazi ya ofisi za mbali. Shughuli ya mama yake ni ofisi tayari, imekosa daftari tu.

Sasa twawaachia zoezi, nalo lafaa kufanywa na kijana ye yote anayefikiria kazi hii, mbele ya wazazi wake, bila kusaidiwa. Kikundi kina watu 20. Kila mmoja huweka shilingi 5,000 kila juma, kwa majuma manne. Lakini watu wawili walikosa juma moja moja. Kikundi kiliwakopesha wanachama watatu shilingi 100,000 kila mmoja. Mmoja wao amerudisha mkopo wake wote pamoja na riba ya shilingi 10,000, wengine bado. Yalinunuliwa madaftari na kalamu kwa shilingi 6,000. Jioni ya mwisho wa mwezi sanduku lafunguliwa mbele ya watu wote, na ndani yake zahesabiwa shilingi 189,000. Je, zilipaswa kuwa ngapi? Nani wadaiwa, na kiasi gani? Na mtunza vitabu aandike nini katika kitabu chake jioni ile ile, kabla watu hawajaondoka?